Kama Wakulima Wangeshinda Mwaka 1525: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Mwaka 1525 wakulima wa Ujerumani ya kusini walishindwa vibaya, na karibu kila anayesimulia habari zao huzungumza kana kwamba kushindwa huko kuliandikwa mbinguni. Mimi siamini hivyo. Ndiyo maana nimekuwa nikiandika historia mbadala ambamo wanashinda, na wasomaji huniuliza maswali yaleyale. Nimeyaweka pamoja hapa. Panapohusu yaliyotokea kweli nimesema hivyo, na panapoanza ubunifu wangu pia nimesema.

Vita vya Wakulima vilikuwa vita gani?

Vilianza kiangazi cha 1524 huko Stühlingen, kusini mwa Msitu Mweusi, karibu na Uswisi. Masimulizi ya zamani yanasema mke wa kabaila wa pale, wa ukoo wa Lupfen, aliwaamuru wakulima waache mavuno wakamwokotee makombe ya konokono, wajakazi wake wapate pa kuzungushia nyuzi. Hebu fikiria: nafaka imeiva, wingu la mvua linakuja, nawe umeinama vichakani unatafuta konokono. Waligoma, wakamchagua Hans Müller wa Bulgenbach, mtu aliyewahi kuwa askari, awaongoze.

Martin Luther, mwanzilishi wa Ulutheri, alikuwa ametoa hoja zake Wittenberg miaka saba tu kabla, na watu wa vijijini walikuwa wamesikia neno "uhuru wa Mkristo" wakalichukua jinsi lilivyo. Kufikia Aprili 1525 moto ulikuwa umeenea Schwaben, Franken, Alsace na Thüringen, na mwezi uliofuata ukaingia Tirol na Salzburg. Makadirio ya kawaida ni kwamba walikufa watu 70,000 hadi 100,000, na karibu wote walikuwa wa upande wa wakulima.

Walidai nini hasa?

Madai yao yako katika Vifungu Kumi na Viwili, vilivyoandikwa mjini Memmingen mwezi Machi 1525. Walioviandika ni Sebastian Lotzer, fundi wa nguo za manyoya, na mhubiri Christoph Schappeler. Vilichapishwa upya mara 25 hivi ndani ya miezi miwili, na inakadiriwa nakala zilifika 25,000. Kwa zama zile, hiyo ni habari iliyosambaa kama moto wa nyika.

Walitaka kila usharika umchague mchungaji wake na kumwondoa akikosea. Fungu la kumi la nafaka limlishe mchungaji huyo, na linalobaki liwaendee maskini. Walitaka ruhusa ya kuwinda, kuvua na kukata kuni, kodi za haki, na malisho ya kijiji yaliyonyakuliwa yarudishwe. Kifungu cha tatu ndicho kilichowatisha makabaila kuliko vyote: utwana, yaani mkulima kuwa mali ya bwana, ukomeshwe, kwa sababu Kristo aliwakomboa watu wote kwa damu yake, mchunga mifugo sawasawa na mkuu.

Ila kinachonigusa mimi ni kifungu cha kumi na moja, kuhusu kodi ya kifo. Baba wa nyumba akifa, mtu wa bwana anaingia zizini, anawapapasa wanyama mmoja mmoja, anaondoka na aliye bora. Mama akifa, analifungua sanduku na kuchukua gauni zuri kuliko yote, lile la kwendea kanisani. Mjane bado yuko matangani na ng'ombe wa maziwa ameshapita mlangoni. Ukishaiona picha hiyo, huhitaji tena mtu akueleze kwa nini watu walishika mikuki.

Kifungu cha mwisho kilisema kwamba dai lolote likionyeshwa kwa Maandiko kuwa si halali, wataliacha. Watu walioandika hivyo hawakuwa wahuni.

Historia yako mbadala inageukia wapi?

Weingarten, kaskazini mwa Ziwa Konstanz, Jumatatu ya Pasaka, tarehe 17 Aprili 1525.

Wengi hutarajia nitaje Frankenhausen huko Thüringen, na Thomas Müntzer, mhubiri aliyewaongoza wakulima wa huko. Hapana. Frankenhausen mambo yalikuwa yameshaharibika. Weingarten ndipo wakulima walipokuwa na mpini mkononi, wakauachia wenyewe.

Nianze na yaliyotokea kweli. Makabaila, maaskofu na miji ya Schwaben walikuwa na Shirikisho lao la kijeshi, na jemadari wake alikuwa Georg Truchsess von Waldburg. Tarehe 4 Aprili alilitawanya kundi la wakulima huko Leipheim. Siku kumi baadaye akashinda tena Wurzach. Kisha akakutana na Kundi la Ziwa. Hilo lilikuwa jingine kabisa: watu wapatao 12,000, wengi wao waliwahi kuwa askari wa kukodiwa katika vita vya Italia, wana mizinga, na wameshika mahali pa juu. Yeye alikuwa na watu 7,000 hivi, na askari wake wa miguu wenyewe walikuwa wana wa wakulima, wala si wote walioona raha kuwaua watu wa kwao.

Truchsess alipima, akaona hesabu haimkubali. Akatoa kalamu badala ya upanga. Mkataba ukasema: makundi yavunjwe, bendera zisalimishwe, malalamiko yapelekwe kwa waamuzi. Wakulima wakasaini, wakarudi makwao. Truchsess akageuza jeshi lake zima, kamili bila kupoteza mtu, akaelekea kaskazini. Tarehe 12 Mei akawavunja wakulima wa Württemberg huko Böblingen, tarehe 2 Juni wale wa Franken huko Königshofen, na Julai alikuwa amerudi kusini kuwamaliza wa Allgäu. Watu wa ziwa waliuziwa mbuzi kwenye gunia, na waliolipa bei ni ndugu zao wa mabonde mengine.

Kwa nini walisaini? Baadhi ya viongozi wao walikuwa watu wenye mali na majina, wenye cha kupoteza. Ilikuwa Aprili, na shamba halimsubiri mtu amalize vita. Lakini kubwa zaidi, waliamini sheria. Tangu mwanzo walikuwa wakiomba mahakama ya haki, na sasa mtu mkubwa anawaambia, "Haya, mahakama hii hapa."

Katika hadithi yangu ninabadilisha kitu kimoja tu. Usiku wa Pasaka mjumbe kutoka Allgäu anafika kambini, amelowa hadi magotini, anawaambia wenzao wako njiani wanakuja. Asubuhi kikao kinakataa kusaini. Truchsess anajaribu kurudi nyuma, mabonde yaliyojaa maji yanamchelewesha, na kufikia Jumatano Shirikisho la Schwaben halina jeshi.

Lakini wakulima wangewezaje kuwashinda askari wa kulipwa?

Waliwahi kuwashinda, na zaidi ya mara moja. Tarehe 17 Februari 1500, huko Hemmingstedt katika nchi ya Dithmarschen kaskazini, wakulima walifungua mageti ya maji wakaifurisha ardhi, na jeshi la Mfalme Hans wa Denmark likakwama kwenye barabara nyembamba ya tope na kuchinjwa humo. Dithmarschen iliendelea kujitawala hadi 1559. Waswisi walikuwa wamelifanya hilo Sempach mwaka 1386. Na katika vita hivihivi vya wakulima, Julai 1525, watu wa Salzburg pamoja na wachimba madini waliuvamia mji wa Schladming alfajiri na kumteka gavana Siegmund von Dietrichstein akiwa bado hajajipanga.

Udhaifu wao wa kweli haukuwa woga. Hawakuwa na wapanda farasi, na mtu anayekimbia uwanjani kwa miguu hamshindi farasi. Pia kila kundi lilipigania bonde lake. Wa Schwaben hawakwenda kuwasaidia wa Franken, wa Franken walikwama kuizingira ngome ya Marienberg mjini Würzburg, na wa Thüringen walibaki peke yao. Adui alikuwa na jeshi moja linalotembea. Wao walikuwa na majeshi mengi yaliyokaa. Ndiyo sababu ushindi wa Weingarten ungekuwa na uzito wa pekee: ungeliondoa lile jeshi moja linalotembea.

Je, Kaisari angewaacha?

Asingependa, lakini angetuma nini? Karl V, Kaisari aliyekuwa juu ya wakuu wote wa Ujerumani, alikuwa Uhispania. Ushindi wake wa Pavia, tarehe 24 Februari 1525, ulimpa mfalme wa Ufaransa kama mateka, na ulikuwa balaa kwa wakulima, maana askari wengi wa kukodiwa waliachiliwa Italia wakarudi kutafuta kazi. Hilo siwezi kulifuta kwa kalamu. Lakini askari wa kukodiwa huenda kwenye mshahara, na mshahara wa Shirikisho ulitegemea sana mikopo ya Jakob Fugger wa Augsburg, ambaye utajiri wake ulitoka kwa sehemu kubwa kwenye fedha na shaba ya milima ya Tirol. Tirol ikiwaka na Schwaben ikisimama, benki hiyo inakosa pumzi. Fugger mwenyewe alifariki Desemba ya mwaka uleule.

Halafu anakuja Mturuki. Tarehe 29 Agosti 1526 Sultani Suleiman aliangamiza jeshi la Hungaria huko Mohács, na 1529 alikuwa nje ya kuta za Vienna. Ferdinand, ndugu yake Kaisari na mtawala wa Austria, alihitaji kila mtu anayeweza kushika mkuki. Katika historia halisi shinikizo hilo lilichangia kwenye Bunge la Dola la Speyer mwaka 1526, ambako wakuu wa Kilutheri walipewa nafasi ya kuendesha mambo ya dini kwa namna watakayoweza kuitolea hesabu kwa Mungu na kwa Kaisari. Kilichopewa wakuu kingeweza kupewa wakulima, kama wangekuwa bado wamesimama. Katika hadithi yangu Ferdinand anawatambua baada ya Mohács, huku amekunja uso, kwa sharti kwamba wamchangie askari.

Nchi yao ingekuwaje?

Hapa sihitaji kubuni mengi, kwa sababu walikuwa wameshaanza kuichora.

Tarehe 7 Machi 1525 makundi matatu ya Schwaben ya Juu yalikubaliana kule Memmingen kuwa Muungano wa Kikristo, wenye kanuni zake za kulinda amani na kuchagua viongozi. Mwezi Mei wajumbe walianza kukutana Heilbronn kwa wito wa Wendel Hipler, aliyewahi kuwa mwandishi wa makabaila wa Hohenlohe, kwa hiyo aliujua ukabaila kuanzia ofisini. Pamoja na Friedrich Weigandt alikuwa na rasimu mezani: sarafu ya namna moja, vipimo na mizani ya namna moja, ushuru wa njiani upunguzwe, na wataalamu wa sheria ya Kirumi waondolewe mahakamani, kwa sababu mkulima hakuelewa lugha waliyomfungia nayo. Kikao kilivunjika baada ya habari za Böblingen kufika. Watu walikimbia na makaratasi yao.

Mpango mpana kuliko wote uliandikwa Tirol na Michael Gaismair, aliyekuwa karani wa askofu wa Brixen kabla ya kugeuka kiongozi wa waasi. Katika katiba yake ya 1526 alitaka kuta za miji zibomolewe ili pasiwe na tofauti ya mtu wa mjini na wa shamba, migodi ichukuliwe kutoka kwa Fugger na wenziwe iwe ya nchi, nyumba za watawa zigeuzwe hospitali na makao ya wazee, na vinamasi vikaushwe vilimwe. Nimeisoma mara nyingi na kila mara nasimama pale kwenye vinamasi. Mtu anawindwa na watawala, na bado anawaza mitaro. Aliuawa Padova mwaka 1532 na watu waliokodiwa.

Kwa hiyo muungano wangu unakuwa kitu kama Uswisi ya pili, kutoka Msitu Mweusi hadi mapito ya Tirol: vijiji na miji midogo yenye mabaraza yake, mkutano mkuu wa wajumbe, na jeshi la raia. Usidhani ni pepo. Baraza la kijiji lilikuwa la wenye nyumba na mashamba. Kibarua asiye na ardhi angekaa nje ya ukumbi wa wakulima kama alivyokaa nje ya ukumbi wa kabaila, na ugomvi huo unachukua kurasa nyingi za hadithi yangu.

Na Thomas Müntzer je? Mbona humpi ushindi?

Kwa sababu simwoni akishinda. Tarehe 15 Mei 1525, kwenye kilima juu ya Frankenhausen, alikuwa na maelfu ya watu nyuma ya mikokoteni, chini ya bendera yenye upinde wa mvua. Duara la rangi lilionekana kuzunguka jua, wakaliona kuwa ishara. Mizinga ya Philipp wa Hesse na Duke Georg wa Saksonia ilipofyatuka, kundi lilivunjika na maelfu wakauawa, huku wakuu wakipoteza watu wachache sana. Müntzer aliteswa na kukatwa kichwa tarehe 27 Mei. Ushindi wa Weingarten mwezi mmoja kabla usingemfikishia bunduki wala farasi.

Wasomaji wa Tanzania huniuliza kuhusu madai kwamba aliahidi kuzidaka risasi kwa mikono ya joho lake, wakikumbuka maji ya Kinjikitile. Habari hiyo ya joho inatoka kwenye maandishi ya maadui zake, yaliyotolewa baada ya kufa kwake. Mimi siitumii.

Luther angefanya nini?

Hili ndilo swali linaloniuma, maana mimi ni Mlutheri. Mwaka 1523 Luther mwenyewe aliandika kwamba usharika una haki ya kupima mafundisho na kuwaita na kuwaondoa walimu wake. Kifungu cha kwanza cha wakulima ni maneno hayo, yamevalishwa nguo za shamba. Aprili 1525 aliwaonya wakuu kwamba wao ndio chanzo cha maasi, akawasihi wakulima watulie. Mwezi Mei akaandika kijitabu cha pili akiwataka wenye upanga wawachome na kuwaua waasi, na kijitabu hicho kikawa kinasomwa wakati mauaji yanaendelea. Mkataba wa Weingarten aliuchapisha na kuusifu kwa dibaji yake.

Baada ya hapo kanisa lake likawekwa mikononi mwa wakuu wa nchi, na huko likakaa hadi 1918. Katika hadithi yangu Luther anabaki Wittenberg, anaendelea kuwapinga wakulima, lakini kusini kunakua Ulutheri mwingine, wa mchungaji anayechaguliwa na watu anaowabatizia watoto. Umbo lipi lingefika Kilimanjaro na wamisionari wa Leipzig, au Nyanda za Juu Kusini na wale wa Berlin, nawaachia Walutheri wenzangu wa KKKT walitafakari.

Waswisi wangewasaidia?

Kidogo sana. Wakulima walitamani "kuwa Waswisi", lakini Zürich na Bern zilikuwa na wakulima wao wa kutawala, na mwaka uleule walikuwa wakinung'unika. Ningetarajia biashara ya chumvi na nafaka, wakimbizi kupokelewa, na barua nyingi za upole.

Wakulima nao si waliua watu?

Waliua. Jumapili ya Pasaka, siku moja kabla ya Weingarten, kundi la Jäcklein Rohrbach liliuteka mji wa Weinsberg na kumpitisha Kabaila Ludwig von Helfenstein na wenzake kati ya safu mbili za mikuki, mpiga filimbi akitangulia. Mke wa kabaila alipiga magoti akiomba, hakusikilizwa. Baadaye Rohrbach alifungwa kwa mnyororo kwenye mti akachomwa polepole, na Weinsberg ikateketezwa. Sehemu nyingine makundi yaliwapora Wayahudi; huko Alsace, Josel wa Rosheim, kiongozi wao, aliwafuata wakulima ana kwa ana akajadiliana nao wasiwadhuru watu wake. Sijaficha lolote kati ya hayo. Washindi wangu wanaanza na damu mikononi, na sura ya pili yote ni mashauri ya kuwahukumu watu wa Weinsberg.

Wanawake wako wapi katika habari hii?

Wako, ila walioandika hawakuwatazama sana. Anayejulikana zaidi ni Margarete Renner wa Böckingen, mtwana, aliyefuatana na kundi la Rohrbach akiwatia moyo wapiganaji. Alikamatwa, kisha akaachiliwa. Katika hadithi yangu ndiye anayeuliza kwenye mkutano wa Heilbronn kama kodi ya gauni imefutwa kweli au ni ya ng'ombe peke yake.

Je, Vita vya Miaka Thelathini visingetokea? Na ukoloni?

Kuhusu 1618 sitabiri. Vita vile vilihitaji wakuu wenye majeshi na dini mbili zinazotazamana kwa jicho baya, na vyote viwili bado vingekuwepo kaskazini.

Kuhusu ukoloni, kuna jambo moja ambalo wengi hawalijui. Tarehe 10 Aprili 1525, wiki moja kabla ya Weingarten, Albrecht wa Brandenburg, mkuu wa shirika la watawa wapiganaji lililoitawala Prussia, alimpigia magoti mfalme wa Poland mjini Kraków akaipokea nchi hiyo kuwa milki ya kidunia, yake mwenyewe. Kutoka jina hilo la Prussia ilikuja dola iliyoiunganisha Ujerumani mwaka 1871 na kutoa hati ya ulinzi kwa kampuni ya Carl Peters mwaka 1885. Mbegu zote mbili, ya wakulima na ya Prussia, zilikuwa ardhini mwezi mmoja. Lakini kati ya 1525 na 1885 kuna miaka 360, na mwandishi anayekuambia anaweza kuivuka yote kwa tukio moja anakudanganya. Hadithi yangu inaishia 1555.

Si propaganda ya Wakomunisti hii?

Kila mtu amevutia kamba kwake. Friedrich Engels aliandika kitabu kuhusu vita hivi mwaka 1850, na Ujerumani ya Mashariki ikamweka Müntzer kwenye noti ya marki tano. Wanazi nao walilichukua jina la Florian Geyer, kabaila aliyepigana upande wa wakulima, wakakiita kikosi cha SS. Mimi naanza na Vifungu vyenyewe, ambavyo vimejaa Biblia na malisho ya ng'ombe.

Nikitaka kuona mahali penyewe, niende wapi?

Memmingen kwanza. Nyumba ya chama cha wafanyabiashara walikokutana wajumbe wa Machi 1525, Kramerzunft, bado imesimama pale Weinmarkt. Kisha Bad Frankenhausen, juu ya kilima kilekile, ambako kuna jengo la duara lenye mchoro wa Werner Tübke: urefu wa mita 123, kimo mita 14, watu maelfu, na Müntzer katikati ameishusha bendera. Ulifunguliwa Septemba 1989, wiki chache kabla ya Ukuta wa Berlin kuanguka. Weingarten utakuta abasia kubwa juu ya mji, na bonde lililo chini yake. Simama hapo mwezi wa Aprili, wakati mashamba yanalimwa, utaelewa kwa nini walitaka kurudi nyumbani.